Daftari na Dirisha

Mkutano umeitwa saa tatu asubuhi. Ikifika saa tatu kamili, chini ya mwembe yupo mwenyekiti wa kijiji peke yake na mabenchi mawili yaliyoazimwa shuleni. Watu wanaanza kuonekana saa nne na nusu. Saa tano kivuli kimejaa. Mwezeshaji aliyetumwa na halmashauri anasimama, anatoa salamu za mkurugenzi, kisha anauliza swali ambalo kila mmoja ana jibu lake lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka: hapa kwenu, kaya maskini sana ni kaya ya namna gani?

Kimya. Mzee mmoja anakohoa. Halafu sauti ya mwanamke inatoka nyuma: ni ile ambayo moshi wa jikoni unaonekana mara moja kwa siku. Watu wanaangua kicheko, mwezeshaji anaandika. Baada ya hapo ndimi zinafunguka. Ni bibi anayelea wajukuu walioachwa na wazazi wao. Ni nyumba ambayo mvua ikinyesha usiku watu hulala wamesimama. Ni mtu anayepalilia mashamba ya wenzake mpaka msimu unapita hajagusa lake.

Picha hii, wasikilizaji, si ya kijiji kimoja. Kwa tofauti ndogondogo imejirudia katika maelfu ya vijiji, mitaa na shehia za Tanzania tangu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipoanza kusambaza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mfuko wenyewe ulianza mwaka 2000, na kwa miaka zaidi ya kumi watu waliujua kwa majengo: darasa, zahanati, kisima. Wazo la kumpa maskini fedha mkononi lilijaribiwa kwanza katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na malipo ya kwanza yalitoka mwanzoni mwa 2010. Mpango wa nchi nzima ulizinduliwa 2012. Haikupita miaka mingi, kaya milioni 1.1 zikawa zimeandikishwa.

Wakati ule wa majaribio wenye mashaka walikuwa wengi, na hoja yao inajulikana mpaka vijiweni: mpe maskini fedha, ataimalizia kilabuni. Watafiti waliofuatilia vijiji vya majaribio, wakivilinganisha na vijiji ambavyo fedha zilikuwa hazijafika, walikuta jambo jingine. Kaya zilizolipwa zilikuwa zimejiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Zilikuwa na mifugo zaidi, hasa mbuzi na kuku. Na watoto wao walikuwa na viatu. Anayevaa viatu kila siku anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeona nani anachechemea kwa mwiba asubuhi halioni hivyo.

Sasa fedha zenyewe ni kiasi gani? Inafaa kushuka mpaka kwenye shilingi, maana mazungumzo ya ruzuku hupotelea kwenye matrilioni ya hotuba. Katika awamu ya kwanza ya mpango, kaya iliyoandikishwa ilipewa 10,000 kwa mwezi bila sharti. Ikiwa na mtoto wa chini ya miaka 18, iliongezwa 4,000. Nyingine zote zilikuwa na masharti: 4,000 kwa ajili ya mtoto mdogo akipelekwa kliniki, 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, 6,000 kwa wa kidato cha tano na cha sita, na mahudhurio ya shule yasipungue asilimia 80. Hata watoto wakiwa wengi namna gani, jumla haikuruhusiwa kuvuka 38,000.

Mchukulie mama mmoja mwenye mtoto mchanga, wawili wa shule ya msingi na binti wa kidato cha pili. Hatumpi jina, kwa kuwa wenzake ni wengi. Kumi, na nne, na nne nyingine ya mchanga, na mbilimbili za wale wawili, na nne ya binti: 26,000 kwa mwezi. Malipo yalikuwa ya miezi miwili miwili, kwa hiyo siku ya malipo alihesabiwa 52,000, akachovya dole gumba kwenye wino, akaondoka. Akiingia na kwenye kazi za ajira ya muda, kuchonga barabara ya kijiji au kuchimba lambo, siku 60 kwa mwaka kwa 2,300 kwa siku, aliongeza 138,000. Mwaka mzima, ikiwa hakuna mtoto aliyekosa shule wala kliniki, ni 450,000.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, ilikadiria kuwa mtu mzima mmoja anahitaji 49,320 kwa mwezi ili apate mahitaji ya msingi, na kwamba chakula peke yake ni 33,748. Ruzuku ya mama huyu, kwa yeye na watoto wanne, haikufikia chakula cha mtu mzima mmoja.

Na bado ilikuwa na kazi yake. Tofauti ya fedha hii na ya kibarua si ukubwa, ni kwamba ile ya kibarua huja elfu tatu leo, mbili keshokutwa, na huliwa kabla haijapoa. Hii ilikuja kwa mkupuo na kwa tarehe. Usiku wa kuamkia malipo mama alikuwa ameshaipanga kichwani: deni la dukani kwanza, maana mwenye duka naye anajua tarehe, sare ya binti, daftari za wadogo na mchango wa uji shuleni (elimu bila malipo iliyoanza 2016 iliondoa ada, haikuondoa sketi), hisa moja ya kikundi cha kuweka na kukopa, na kikibaki kitu, kuku mmoja tetea. Wenye ujuzi wa uchumi wangeita hiyo mipango ya fedha. Yeye aliita kugawa umaskini.

Njiani kutoka penye malipo kulikuwa na kikwazo ambacho hakimo kwenye mwongozo wowote. Katika baadhi ya vijiji kiongozi aliketi hatua chache tu kutoka meza ya mwezeshaji, na kitabu cha stakabadhi: mchango wa ujenzi wa maabara, mchango wa zahanati, deni la mwaka juzi. TASAF imekemea makato hayo mara nyingi, na kukemea mara nyingi kunasema kitu kuhusu yanavyojirudia. Kiongozi naye alikuwa na hesabu zake. Siku ambayo maskini wote wa kijiji wana fedha mfukoni, kwa wakati mmoja na mahali pamoja, ni ipi nyingine?

Lakini kasoro kubwa ya mpango huu haiko kwenye kiasi, wala kwenye kile kitabu cha stakabadhi. Iko kule kwenye mwembe.

Siku ya mkutano, mtu maskini kuliko wote alikuwa wapi? Kama ni msimu wa palizi, alikuwa shambani kwa mtu, ekari mbili mbele, akitafuta unga wa jioni. Kushinda mkutanoni tangu saa tatu mpaka saa nane ni anasa inayohitaji akiba. Kama ni mgeni kijijini, aliyeolewa akaachika akarudi, au aliyehamia kufuata vibarua, hakuna aliyemzoea kiasi cha kulitaja jina lake. Kama ni mlevi au mwenye maneno, waliokuwepo walimkumbuka, wakanyamaza. Pengine balozi wa nyumba kumi alimkumbuka. Pengine naye siku hiyo alikuwa msibani.

Utaratibu kwenye karatasi ni mzuri. Wanakijiji wenyewe wanaweka vigezo, wanachagua watu wa kuorodhesha, orodha inasomwa mbele ya wote, kisha kila kaya iliyotajwa inajaziwa dodoso, na majibu ya dodoso yanapigiwa hesabu kwa kompyuta ili kuona kama kaya iko chini ya mstari. Mwisho orodha inarudi kijijini kuthibitishwa. Ni njia ya wazi kuliko mtendaji kujifungia ofisini na kalamu yake, na aliyeibuni alijua uzito wa baraza. Shida ni kwamba njia nzima ni mlango unaofunguliwa siku moja. Anayetaka leseni ya udereva huenda dirishani siku yoyote ya kazi, akajaza fomu, akajibiwa. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kuwauzia wafanyabiashara wadogo vitambulisho vya 20,000, haikumsubiri mama ntilie ajitokeze mkutanoni. Ilimfuata mpaka kwenye masufuria yake. Lakini mtu anayeamka na kukuta mume amekufa, au nyumba imeungua, au mgongo haunyooki tena, hana dirisha la kwenda kusema: nimekuwa maskini, naomba mnipime. Anaambiwa asubiri utambuzi.

Kusubiri huko si kwa wiki. Awamu ya kwanza ilifika katika asilimia 70 tu ya vijiji, mitaa na shehia. Katika asilimia 30 iliyobaki, kaya ikiwa na shida ya namna yoyote ile, haikuwa na pa kuingilia mpaka awamu ya pili ilipozinduliwa Februari 2020 na kazi ya kuandikisha ikaanza upya. Vijiji viwili vinavyopakana, vinavyotumia kisima kimoja na kuzikana, kimoja kinapokea na kingine kinatazama. Mtu wa hapo asipotafuta maelezo ya kisiasa au ya kichawi, atakuwa ana subira ya kupitiliza.

Katika uzinduzi huo wa 2020, Rais John Magufuli alitaja kaya zaidi ya 70,000 zilizobainika kuwamo kwenye orodha bila kustahili: wengine walikuwa wamekufa, wengine hawakuwa maskini hata kidogo. Taifa lilishtuka, na lilikuwa na haki ya kushtuka. Awamu mpya ikasisitiza kazi, kwamba mwenye nguvu afanye kazi alipwe, na uhakiki ukawa mkali zaidi. Ila daftari lina makosa ya aina mbili. Kuna aliyemo asiyestahili, na kuna anayestahili asiyemo. Wa kwanza huhesabiwa kwa sababu jina lake liko pale, linaweza kukatwa kwa wino mwekundu. Wa pili hana mstari wa kukatwa. Idadi yake haisomwi jukwaani.

Kuna jambo jingine kwenye dodoso, la kuchekesha kwa mtu ambaye halimhusu. Kwa kuwa kipato cha mkulima na kibarua hakina hati ya mshahara, dodoso huuliza vinavyoonekana: paa ni la nini, ukuta, sakafu, chombo gani kimo ndani. Sasa yule mama wa 52,000 anayejibana misimu mitatu, akanunua bati kumi na nne mojamoja na kuziezeka juu ya nyumba ileile ya udongo, amefanya kile hasa mpango ulichomtaka afanye. Siku ya tathmini, bati hizo zinasimama kama shahidi wa upande wa pili. Kaya zinazotolewa kwa kuonekana zimepata nafuu huitwa kwa neno zuri la shuleni: zimehitimu. Zipo zilizohitimu kwelikweli, zina mradi wa kuku na kibanda cha mboga, na picha zao si za uongo. Lakini mhitimu wa chuo akikosa kazi hurudi kwao. Huyu alikuwa kwao tangu mwanzo.

Inafaa kuvuka maji kidogo.

Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar chini ya Dk. Ali Mohamed Shein ilianza kulipa Pensheni Jamii. Masharti yake yanaweza kuelezwa kwa pumzi moja: mkaazi wa Zanzibar, umri miaka 70 au zaidi. Haulizwi alikuwa mtumishi au mvuvi, ana bati au makuti, watoto wake wako Darajani au Muscat. Kiwango kilikuwa 20,000 kwa mwezi, na baadaye serikali ya Dk. Hussein Mwinyi ikakipandisha hadi 50,000. Fedha zote zinatoka kwenye bajeti ya Zanzibar yenyewe, si kwa mfadhili, na hilo lilikuwa jambo geni katika ukanda huu. Wazee zaidi ya 20,000 waliingia tangu mwanzo. Visiwa hivi vilikuwa na kumbukumbu ya kutunza wazee kwa fedha ya umma, kule Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja na Limbani kwa upande wa Pemba. Pensheni ikachukua wazo hilo ikalitoa ndani ya uzio wa nyumba za wazee.

Kuna tajiri anayelipwa pia? Yupo. Mzee mwenye nyumba tatu za kupangisha Mji Mkongwe anaweza kwenda kupanga foleni achukue yake. Wengi wa aina hiyo huona kero ya foleni inazidi thamani ya fedha, na wanaojitokeza wanagharimu kidogo kuliko gharama ya kutuma watu na madodoso nyumba kwa nyumba kumsaka nani si maskini. Na kuna faida ambayo haina mstari kwenye bajeti. Mzee anayechukua pensheni ya wote hajatangazwa mbele ya mwembe kuwa ndiye wa mwisho kijijini. Hajapoteza uso.

Ugumu unaobaki ni wa karatasi, na wenyewe una ladha yake. Mtu aliyezaliwa Micheweni au Makunduchi miaka ya arubaini hakuzaliwa na cheti. Anachojua ni kwamba vita vya Hitler vilikuwa vinamalizika, au kwamba wakati wa Mapinduzi tayari alikuwa ameoa na mke ana mimba. Karani anahesabu vidole kurudi nyuma kutoka 1964. Aliyeandikiwa mwaka usio wake kwenye kitambulisho, tena kwa haraka ya karani wa zamani, anaweza kukuta amepunguziwa miaka mitano na kuambiwa bado kijana. Hata hivyo kuna tofauti kubwa ya msingi: sheha na wazee wenzake wanaweza kumshuhudia, akarudi na ushahidi mwezi ujao. Mlango upo, hata kama bawaba zinalia.

Kenya inaonyesha jinsi dirisha lenyewe linavyoweza kugeuka daftari. Serikali ya huko ilianza 2004 na kaya 500 tu zenye watoto yatima, katika Garissa, Kwale na Nairobi. Zikafuata fedha za wazee maskini, kisha za watu wenye ulemavu mkubwa, na zote zikawekwa chini ya jina moja la Inua Jamii. Mwaka 2018 ikachukuliwa hatua kubwa: kila mzee wa miaka 70 na kuendelea alipwe 2,000 za Kenya kwa mwezi. Maandishi yalisema kila mzee. Lakini uandikishaji ulifanyika 2017, kisha ukasimama. Aliyekuwa na miaka 70 siku ile aliingia. Mdogo wake wa miaka 69, aliyefikisha umri mwaka uliofuata, aliambiwa na chifu kwamba atajulishwa, na wengi wa namna yake walisubiri miaka kabla orodha haijafunguliwa tena. Wakati huohuo zile 2,000 zilibaki palepale, huku pakiti ya unga ya kilo mbili ikifika na kuvuka 200 mwaka 2022. Malipo yalichelewa mpaka yakawa yanatolewa ya miezi kadhaa kwa pamoja. Na mwenye kuchukua fedha hizo hutakiwa kuthibitisha mara kwa mara kwamba bado yu hai. Wazee hulifanyia mzaha. Hakuna wanachokithibitisha kwa bidii kuliko hicho, wanasema, kila alfajiri wanapoamka.

Kwa nini basi Bara lisifungue dirisha? Jibu la kawaida ni fedha, na si jibu la kupuuza. Wazee wa miaka 70 ni wachache, na umri una mwaka. Umaskini hauna mwaka. Ukifungua dirisha la maskini wote, watakuja wote, na fedha iliyopo inatosha wachache. Kwa hiyo bora daftari lifungwe mapema kuliko watu wakataliwe mchana kweupe. Hoja hiyo ina mantiki ya mhasibu. Lakini inaficha ukubwa wa shida kutoka kwa yule yule anayetakiwa kuipangia bajeti. Maombi yaliyokataliwa kwa uhaba wa fedha ni takwimu; yanaweza kupelekwa bungeni. Mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuomba si takwimu ya kitu chochote.

Kuna jibu la pili, ambalo halisemwi sana. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi, ulemavu na hali nyingine za kutojiweza. Ni maneno mazuri. Ila ibara ya 7, kurasa chache nyuma, inaeleza kuwa masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Kwa hiyo haki ipo, lakini haina pa kudaiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 43, iliiweka hifadhi ya jamii ndani ya orodha ya haki zenyewe. Mzee wa Kilifi aliyeachwa nje ana angalau kifungu cha kushika, akimpata wakili wa kumsaidia. Mzee wa Handeni ana ahadi ya mradi, na mradi una tarehe ya kufungwa: awamu ya pili ya mpango wa TASAF ilipangwa kumalizika 2023, ikaongezewa muda hadi 2025. Mtoto aliyeandikishwa akiwa mchanga hajui kwamba kliniki yake imefungamana na kalenda ya mradi.

Mabadiliko yanayosifiwa zaidi siku hizi ni ya simu. Fedha hazisafiri tena zote kwenye sanduku ndani ya gari la halmashauri. Sehemu yake inaingia kwenye simu au akaunti ya benki ya mlengwa. Ni hatua ya kweli. Kile kitabu cha stakabadhi kimepoteza meza yake. Mama anaweza kutoa 15,000 leo na kuacha nyingine, jambo ambalo mfuko wa kanga haukuliruhusu kwa usalama. Lakini simu nayo ina mlango wake mwembamba. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo Januari 2020, laini inataka namba ya kitambulisho cha taifa. Bibi ambaye vidole vyake vimelika kwa jembe, mashine haivisomi. Laini anayotumia ilisajiliwa kwa jina la mjukuu aliyekwenda mjini. Jina lake kwenye daftari la TASAF ni lile la ubatizo, na kwenye kitambulisho ni lile analoitwa, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Fedha inakwama. Wakala aliye karibu yuko kilomita kadhaa, na kwa kuwa bibi hasomi, humpa wakala simu na namba ya siri pamoja, kama mtu anayemkabidhi jirani ufunguo akienda hospitali. Mawakala wengi ni waaminifu. Mfumo lakini haukutakiwa kujengwa juu ya neno wengi.

Dirisha linalozungumzwa hapa halihitaji jengo. Ofisi ya mtendaji ipo kila kijiji, na afisa maendeleo ya jamii yupo kila kata inayobahatika. Kinachohitajika ni daftari la maombi lililo wazi mwaka mzima, nakala anayobaki nayo mwombaji, na jibu la maandishi ndani ya siku zinazojulikana: umekubaliwa, umekataliwa kwa sababu hii, au unastahili lakini fedha hakuna. Hilo la tatu ndilo litakalowatia tumbo joto watu wa wizarani. Mkutano wa kijiji ubaki na kazi unayoiweza vizuri, kuthibitisha na kubishia, kwa sababu kweli majirani wanajua moshi wa nani unaonekana. Ila usiwe ndio mlango pekee. Na rufaa isianzie mikononi mwa yuleyule aliyesoma majina.

Maana ndivyo ilivyo leo kwa mtu aliyerukwa. Hatua ya kwanza ya malalamiko iko palepale kijijini. Yule maskini wa palizi, tuseme ni mama, anasikia habari jioni kisimani, kwamba leo majina yamesomwa. Kesho yake anapita kwa mtendaji kabla hajaenda shamba, jembe begani, anasimama mlangoni bila kuingia. Shikamoo mtendaji. Marahaba mama, karibu. Nimesikia jana kulikuwa na mkutano. Ulikuwepo, mama, mbona hatukukuona? Anaeleza. Mtendaji si mtu mbaya; anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, anafunua orodha, anapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini, anaifunga.

Mama anauliza mkutano mwingine lini. Mtendaji anasema watatangaziwa. Anaitikia, anaaga, anabadilisha bega la jembe. Ile ekari ya mtu imebaki nusu, na jua limeshatoka.